Mtende wa Khalfan

Jiwe lililolitoa jicho la Tamim halikuwa kubwa. Lilikuwa la kuenea kiganjani, limeviringishwa tambara bovu, na mama yake, Bi Khole, aliliona likiruka. Aliliona vizuri, na hilo ndilo lililomtesa baadaye: kwamba Mungu alimpa nafasi ya kuliona, hakumpa nafasi ya kusema "inama".

Ila jiwe halianzi safari yake hewani. Hili lilianzia kwenye bakuli la halua.

Ilikuwa mchana, Bi Khole anaepua wali, gari likasimama mlangoni mwao pale Nizwa, mtaa mpya. Aliyeshuka alikuwa ami wa Muatasim, kijana aliyemposa binti yao Wiam. Kabeba bakuli la halua waliyompelekea wao wenyewe siku ya kuitikia posa, na karatasi yake bado iko juu, haijachanwa. Bi Khole alipoliona tu akajua. Halua hairudi kwa heri.

Soud, mumewe, mzee wa miaka sabini na kitu, fundi umeme mstaafu, alijifanya halioni bakuli. Akamkalisha mgeni, akamuuliza habari za wazazi, za watoto, za mifugo, mpaka habari zote zikamwishia.

"Sheikh Soud," mgeni akasema kwa Kiarabu, "binti yenu hana kasoro. Na nyinyi watu wa heshima. Lakini tumeuliza Ibra, kama ilivyo ada."

"Mmemuuliza nani?"

"Musabbah bin Azzam. Ndiye mkubwa wa ukoo mnaosema ni wenu. Kasema hawajui nyinyi."

"Asitujue vipi? Babu yangu Khalfan katoka kwenye nyumba ile ile!"

Mgeni akaliangalia zulia. "Kasema huenda babu yako alikuwa mtumwa wao, akaondoka na jina lao. Maneno ni yake, si yangu."

Tamim alikuwa amelala chumba cha pili. Yeye ndiye mtoto wao mkubwa, dereva wa kreni bandarini huko Sur, huja nyumbani siku za mapumziko tu, na tangu utoto alikuwa na tabia ya kuamka na hasira hata pasipo sababu. Leo sababu alipewa. Mgeni akiwa ameshawasha gari, Tamim akatoka na fulana, miguu mitupu, bakuli mkononi, akalivurumisha. Kioo cha nyuma kikamwagika chote na halua ikaingia ndani, ikatanda kwenye viti.

Yule bwana akashuka. Akakitazama kioo, akamtazama Soud aliyekuwa kasimama kizingitini, akasema taratibu, "Sasa naona hata Ibra hatukuwa na haja ya kuuliza."

Bi Khole ndiye aliyefagia vioo, huku jirani wa Kiomani wa upande wa pili akichungulia dirishani, hana hata haya ya kushusha pazia. Wiam alikuwa kazini, kwenye duka la dawa. Alipoelezwa jioni hakulia mbele yao. Aliingia chumbani, wakasikia bomba la maji limefunguliwa kwa muda mrefu.

"Na kama alikuwa mtumwa?" Bi Khole alimuuliza mumewe. "Mtumwa hana wajukuu? Wajukuu wake hawaolewi?"

"Khole, usiniongezee."

"Mimi mama yangu Mngazija na bibi yangu Mnyasa. Ulinioa, hukwenda kuuliza popote."

"Tulikuwa tumekimbia visiwani na roho zetu tu. Mkimbizi haulizi."

Neno hilo Bi Khole aliliweka.

Tangu astaafu, Soud alikuwa na kazi moja tu, kumtafuta babu yake. Wenzake wakistaafu hufuga mbuzi. Yeye alikwenda Sur, akaambiwa Khalfan wa huko alikuwa baharia na alizama na chombo chake. Akaenda Jalan Bani Bu Ali, akakirimiwa tende mpaka akasaza, akaambiwa Khalfan wao hakuzaa. Nchi hii ina akina Khalfan kama Pemba ilivyo na mikarafuu. Hakuhudhuria maziko bila kumhoji aliyekaa ubavuni mwake, hata Bi Khole akawa anaona haya kufuatana naye msibani.

Alikuwa ameshika mambo matatu, aliyoyasikia kwa babu mwenyewe huko Wete, yeye mtoto mdogo. La kwanza, mlango wa nyumba yao ulitazama minara miwili. La pili, falaji, ule mfereji unaoteremsha maji mjini, ulipinda mbele ya shamba lao, na penye pindo hilo palikuwa na mtende aliopanda babu kwa mkono wake. La tatu ni sikio. Mzee Khalfan hakuwa na sikio la kushoto. Akiulizwa alisema kang'atwa na ngamia, na watoto wa Pemba, ambao ngamia hawakumjua, walimwamini.

"Nitakwenda Ibra," Soud alisema usiku ule. "Nitakwenda mwenyewe, nimtazame huyo Musabbah usoni. Akiniona atajua."

"Na asipojua?"

"Wiam haolewi, na mimi nakufa bila ya watu. Unataka nife bila ya watu?"

"Mimi nani basi?" Bi Khole akauliza. Soud akazima taa.

Ijumaa asubuhi wakaondoka watatu. Tamim alishika usukani, na aliliendesha gari kama anavyonyanyua makontena, kwa kukunja uso. Walisimama Bidbid, pale njia ya Ibra na Sur inapochepuka, wakanywa chai ya maziwa ndani ya gari. Soud alikuwa amevaa kanzu mpya, kilemba kakifunga upya mara kadhaa, na mkononi bakora ambayo kwa kawaida hakuwa akiibeba.

"Baba, tukifika usiwabembeleze," Tamim akasema.

"Siendi kumbembeleza mtu. Nakwenda kuwaamkia watu wangu."

"Watu wako wamekwita mtumwa."

"Hawajaniona bado."

Bi Khole alikaa nyuma. Alikuwa na miaka sita walipokuja watu na mapanga nyumbani kwao Unguja, wakauliza swali hili hili: nyinyi nani? Baba yake alijibu kwa ukweli, na ukweli ukamuua ukumbini. Tangu siku hiyo Bi Khole hakulipenda swali hilo, aliulize nani, aliulize kwa lugha gani. Angelikuwa yeye, angeligeuza gari pale pale Bidbid. Lakini alimwona mumewe kwenye kioo, midomo inacheza, anajisomea nasaba yake kama mtoto anayekwenda kusikilizwa Kurani chuoni: Soud bin Nasor bin Khalfan bin Tamim. Hapo hukatika. Baada ya hapo hakujua tena. Akamwonea huruma.

Nyumba ya Musabbah ilikuwa na geti kubwa la chuma. Walipobisha, alifungua kijana wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, ndevu zimechongwa vizuri. Alifungua nusu, akasimama katikati. Jina lake Alaa, mtoto wa Musabbah. Soud akamsalimia kwa salamu ndefu, akataja jina lake na la baba yake na la babu yake.

"Baba hayupo," Alaa akasema.

Nyuma ya kijana, sebuleni, mtu mzima akakohoa. Wote walimsikia. Alaa mwenyewe alimsikia, masikio yakamwiva.

"Tutamngoja," Soud akasema.

"Hayupo. Na leo harudi."

Geti likafungwa. Katika nchi hii hata adui hupewa kahawa kwanza, ndipo akaambiwa uadui wake. Wao walibaki juani, hawakupewa hata maji. Soud alisimama mbele ya lile geti, bakora mkononi, na Bi Khole akaona aibu kwa niaba yake mpaka machozi yakamtoka. Tamim alikwenda kulipiga geti teke moja. Baba yake akamvuta.

"Angalia," mzee akasema. "Tamim, angalia kule."

Ng'ambo ya mitende, juu ya kilima, ilisimama minara miwili ya udongo, mmoja umebomoka nusu.

Wakaifuata njia inayoshuka nyuma ya nyumba. Soud alitangulia, karibu anakimbia, kanzu kaikamata kwa mkono mmoja. Falaji ilikuwa pale, maji yanakwenda kasi kimya kimya, na mbele ya shamba la ndimu ikapinda. Penye pindo alikaa bibi kizee amejifunga leso ya kimanjano, anaosha sufuria. Jina lake Ghaniya, kama walivyojua baadaye, shangazi yake Musabbah. Jicho moja lilikuwa na mtoto, la pili likitosha kazi.

"Mnatafuta nini huku?" akauliza.

"Namtafuta Khalfan, bibi. Aliyekwenda Unguja."

Bibi akaacha kusugua. "Alikuwa na masikio mangapi?"

Soud akaligusa sikio lake la kushoto, akalishika hivyo hivyo.

Ghaniya akacheka, kinywa kitupu. "Baba yangu ndiye aliyelikata. Saif, kaka yake. Kwa jembe, hapo ulipokanyaga. Walishikana kwa zamu ya maji, damu ikaingia falaji, watu wa chini wakakataa kutawadha. Kesho yake Khalfan hayupo." Akanyoosha mkono unaochuruzika. "Na mtende wake ule. Mpaka leo tunauita wa Khalfan. Lakini haunyweshwi. Zamu yake ya maji Musabbah anaitia kwenye ndimu zake."

Basi hapo Bi Khole akaelewa kila kitu: kikohozi cha nyuma ya mlango, na neno la utumwa lililotumwa mpaka Nizwa. Mtumwa harithi. Mjukuu hurithi. Akamshika mumewe mkono.

"Baba Tamim, tumeshajua. Twende zetu. Tutarudi na watu, tukae, tuzungumze."

Soud hamsikii. Alikuwa ameshafika kwenye mtende, kaukumbatia, na kilemba kimepanda upande. Makuti yalikuwa ya manjano, shina limepasuka, na udongo wa chini mgumu kama sakafu. Analia kwa sauti, mzee mzima.

"Unakufa kiu," akasema. "Khole, unakufa kiu na maji haya hapa."

Hatua chache kutoka mtendeni, kwenye ukingo wa falaji, palikuwa na tundu dogo lililozibwa kwa jiwe lililoviringishwa tambara. Si kwamba Soud hakujua. Kila aliyekaa Oman anajua: maji ya kunywa na kutawadha ni ya wote, lakini ya kumwagilia yana zamu, na kulitoa jiwe katika zamu ya mwenzio ni sawasawa na kuingia chumbani kwake. Anajua fundi umeme wa Nizwa. Lakini aliyekuwa amepiga magoti pale alikuwa mtoto wa Wete, ambako mvua humnyea kila mtu bila ya kumuuliza kabila.

"Acha!" Bi Khole akapiga kelele.

"Mtende wa babu yangu. Nani wa kunikataza?"

Akalitoa jiwe. Maji yakaingia kwenye kijifereji kikavu, yakasita, yakasukuma vumbi, yakafika kwenye shina. Soud akacheka. Ni kicheko ambacho Bi Khole hajakisikia tangu wazaliwe watoto, na kwa kitambo kidogo, Mungu amsamehe, na yeye alifurahi.

"Wezi wa maji!"

Alaa alikuja mbio na vijana wawili wa jirani. Hakuuliza kitu. Alimpiga kikumbo Soud, mzee akaangukia ndani ya falaji, akakaa kitako ndani ya maji, kilemba kikachukuliwa, kikaenda zake kinafunguka. "Watumwa! Wanatufukuza mlangoni wanaingia kwa nyuma!" Maneno hayakumkalia sawa kwa hasira, lakini yalieleweka.

Tamim alimpiga Alaa ngumi ya mdomo, akampiga ya pili akiwa anaanguka, akamfuata chini. Wale vijana wawili walimrukia mgongoni, akawatikisa. Mikono ile inayotoa vyuma melini ilimshika Alaa kisogoni ikamzamisha uso kwenye falaji. Miguu ya kijana ilipiga udongo. Maji yaliyotoka upande wa pili yalikuwa mekundu.

"Tamim! Utamuua! Tamim!" Bi Khole alimvuta kanzu mpaka ikachanika kwapani. Alimpiga mwanawe kofi la kichwa, kama alivyokuwa akimpiga utotoni. Ndipo Tamim akamwachia.

Kwenye ukuta wa shamba alikuwa amesimama mzee mwenye ndevu nyeupe, yuko na shuka ya nyumbani tu: Musabbah, yule ambaye hayupo. Alipiga kelele mara moja.

"Watoe! Watoe shambani mwangu!"

Tamim alikuwa ameinama kumnyanyua baba yake. Akageuka kuangalia nani anayesema. Alaa, magotini, damu puani, alikuwa ameshaliokota lile jiwe, tambara linadondoka maji.

Bi Khole akaliona likiruka.

Penye pindo, bibi Ghaniya alikuwa bado na sufuria yake mapajani. "Tena," alisema. "Tena."

Jicho halikuokoka. Daktari, mwanamke mpole, aliwaeleza kwenye ukumbi wa hospitali kwa sauti ya chini, na Soud akasikiliza akiwa bado na kanzu iliyokauka na tope. Tamim alipozinduka hakuuliza habari za jicho. Aliuliza kama kreni inaendeshwa na jicho moja. Daktari akawatazama wazee wake. Hapo akajua.

Polisi walimchukua Alaa jioni ile ile. Alikubali kwamba alirusha jiwe, na walioona ni wengi. Tamim akarudi nyumbani na bandeji, akajifungia chumbani, mapazia kayashusha, na ukimpelekea chakula anakupokelea mlangoni kwa mkono mmoja kama mfungwa.

Kisha simu zikaanza. Sheikh wa kabila huko Ibra, mtu ambaye Soud aliwahi kusubiri barazani kwake asubuhi nzima bila ya kuonana naye, alipiga mwenyewe. Wazee wanataka kuja. Kabla kesi haijasomwa. Wao na Soud ni damu moja, akasema, na watu wa damu moja hawapelekani mahakamani. Akisamehe, watasimama msikitini Ibra, mbele ya watu, waseme nani Soud na nani watoto wake. Siku ya pili yake akapiga baba yake Muatasim, sauti tamu kama ile halua yenyewe: Ibra ikisema ndiyo, hata kile kioo cha gari kimesahauliwa.

Soud alilisema hilo mezani, usiku, uso umemnawiri. "Wanakuja, Khole. Wao wanakuja kwangu!"

Wiam akaweka kijiko chini. "Kwa hiyo jicho la Tamim ndiyo mahari yangu?"

"Wewe nyamaza. Nafanya kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu? Mimi sikukutuma Ibra. Mimi nilikuwa nalia, ningelilia nikamaliza. Wewe ndiye unayetaka kuolewa, baba. Na watu wa Ibra."

Kofi likamkuta mdomoni. Soud hakuwahi kumpiga binti huyu maishani mwake, na mkono wenyewe ulionekana kushangaa, ukabaki juu. Wiam hakuinuka. Mdomo ulipasuka kidogo, akaufuta kwa leso ya mezani, akaitazama damu.

"Mkono huo," Bi Khole akasema, "ulikuwa wapi siku ile umekaa kitako kwenye mfereji wa watu?"

Lilikuwa neno baya, na alijua ni baya alipokuwa analisema. Soud akainuka, akaenda kugonga chumbani kwa Tamim. Wakamsikia anaomba. Sauti ya Tamim ikatoka nyuma ya mlango, imechoka: "Utakalosema wewe, baba. Ukisamehe nitatia saini. Ukikataa sawa. Mimi usinifanyie baraza."

Walikuja baada ya sala ya alasiri, gari tatu. Sheikh, Musabbah, na wazee wanne, wote na majambia viunoni, vilemba vimekaa. Jirani wa upande wa pili safari hii alitoka nje kabisa kutazama. Soud aliwapokea mlangoni, wakagusana pua mmoja mmoja, na Musabbah alipofika akamkumbatia na kusema, "Ibn ammi." Mtoto wa ami yangu. Bi Khole, aliyesimama na Wiam nyuma ya pazia la ukumbi, alimwona mumewe anafumba macho.

Tende zikaliwa. Soud mwenyewe akamimina kahawa, akawagawia. Sheikh akapokea kikombe chake, akakiweka chini kwenye zulia, mbele ya goti lake. Wa pili akaweka. Wa tatu. Mpaka vikombe sita vikakaa chini, vinatoa moshi.

"Hatunywi," sheikh akasema, "mpaka utupe haja yetu."

Hii ndiyo ada, na ada hii haina mlango wa nyuma. Mwenye nyumba akisema "kunyweni", haja imetolewa. Asiposema, amewafukuza wageni wake bila ya kahawa, na habari itafika kila baraza. Soud alikuwa amesimuliwa mambo haya na babu yake. Hakuna mtu aliyewahi kuweka kikombe chini mbele yake.

"Damu haiwi maji, Soud," sheikh akaendelea. "Kijana kakosa, na kijana wako naye alimzamisha mwenzake. Shetani aliingia baina ya ndugu. Tuache. Ijumaa njoo Ibra, utasimama na sisi. Binti yako ataolewa kama wanavyoolewa binti zetu. Na mtende wa babu yako ni wako, na zamu yake ya maji."

"Na zamu yake," Musabbah akaitikia.

Midomo ya Soud ilifunguka. Bi Khole akajua neno limeshafika kwenye ulimi. Akavuta shela yake vizuri, akaingia.

Wanaume wakashusha macho. Alikuwa mwanamke mzima, mwenye mvi, hawakuweza kumtoa. Akasalimia, akajibiwa.

"Musabbah," akasema kwa Kiarabu chake ambacho mpaka leo kina lafudhi ya Unguja, "unasema mwanangu ni damu yako. Nisomee basi. Tamim bin nani?"

Soud akasema, "Khole..."

"Mwache," Musabbah akasema, na akatabasamu, kama mtu aliyeulizwa analolijua. Akakaa sawa. "Tamim bin Soud bin Nasor bin Khalfan bin Tamim bin Musabbah bin Said bin Azzam bin Khamis." Hakusita hata mahali pamoja. "Na Nasor alikuwa na dada yake, Zuweina, aliyekufa mdogo Wete, kwa surua."

Soud alilia. Hakujificha, aliacha machozi yaingie kwenye ndevu. Majina manne ambayo hakuwa nayo maisha yake yote, na shangazi ambaye hata Bi Khole hakuwahi kusimuliwa.

"Sema tena," akaomba.

Musabbah akasema tena, polepole, na wazee wakatikisa vichwa.

"Umeyajua lini haya?" Bi Khole akauliza.

"Tangu utoto, wallahi. Mtu wa Pemba alikuwa akija kuhiji akipita kwetu, akileta habari zao. Na baba yetu alikuwa akitusomesha kila Ijumaa, tusimsahau aliyevuka."

"Tangu utoto."

"Tangu utoto."

"Basi uliyajua walipokuja watu wa Muatasim kukuuliza, ukawaambia mtumwa. Uliyajua ulipokuwa unakohoa nyuma ya mlango, sisi tuko juani. Na uliposimama ukutani ukasema watoe, uliyajua. Ulikuwa unamtazama mtoto wa ndugu yako, na unajua mpaka jina la shangazi wa baba yake."

Sheikh aligeuza kichwa, akamtazama Musabbah, na ilionekana wazi kwamba yeye hakuambiwa hivyo. Tabasamu la Musabbah lilibaki usoni, halina pa kwenda.

Bi Khole akachukua sinia. Akainama mbele ya sheikh, akaondoa kikombe chake.

"Bibi," sheikh akasema kwa upole, "kikombe kilichowekwa hakiondolewi. Mwenye nyumba hajasema."

"Najua, sheikh. Imepoa tu."

Akaenda kwa wa pili, na wa tatu. Kahawa ilikuwa bado inatoa moshi. Magoti yalimuuma kwa kuinama, na vikombe vikawa vinagongana kwenye sinia. Alipofika kwa Musabbah hakumtazama. Mlangoni alisimama Tamim, ametoka chumbani kwake, bandeji usoni, kashika fremu ya mlango kwa sababu umbali ulikuwa bado unamdanganya. Wiam alikuwa nyuma yake na mdomo wake uliovimba.

Kilibaki kikombe cha Soud. Alikuwa nacho mkononi, kakizungushia vidole vyote. Mkewe akasimama mbele yake na sinia. Soud angesema "kunyweni", ingetosha. Hata sasa, ingetosha. Midomo yake ilikuwa inacheza, na Bi Khole aliyasikia majina, moja baada ya jingine, anayahifadhi: Musabbah, Said, Azzam, Khamis. Aliyarudia mara mbili. Akanyanyua uso akamtazama mwanawe aliyeshika fremu.

Kisha akakiweka kikombe kwenye sinia.

Bi Khole akavipeleka vyote jikoni, akavimwaga kwenye sinki, akafungua bomba. Nyuma yake walikuwa wanainuka, majambia yanagusana, na mtu anauliza mlangoni viatu vyake viko wapi.